Mwanao anaimba kwenye bendi? Sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu si ya kupuuza

Julai 13, 1985, watu wapatao 72,000 walijaa katika uwanja wa Wembley jijini London kwenye tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuchangisha fedha kwa ajili ya waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Bendi ya Queen ilipewa takriban dakika 20. Ndani ya muda huo mfupi, mwimbaji wake kiongozi, Freddie Mercury, aliufanya uwanja mzima upige makofi, uitikie na uimbe kama kwaya moja. Hadi leo onyesho lile hutajwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa ya muziki wa roki.

Freddie alikuwa mzaliwa wa kwetu. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Alisoma shule ya bweni nchini India, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza.

Vijana wengi wanaoanza kuimba kwenye bendi hudhani mwimbaji kiongozi anahitaji mambo mawili tu: kipaji na ujasiri wa kupiga kelele. Daktari wa koo akimtazama mwimbaji huyo huona jambo jingine. Humwona mtu anayetumia viungo vidogo sana kwa kazi nzito sana, na anayelazimika kuvitunza ili kesho aweze kuimba tena. Aliye bora ni yule ambaye sauti yake inadumu.

Somo hili haliwahusu waimbaji peke yao. Linamhusu mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80, mhubiri, kondakta wa daladala, mchuuzi sokoni, na mtoto anayeshinda uwanjani akipiga kelele. Wote hao hutumia sauti kama mwimbaji wa roki, tofauti ni kwamba hawana mtu wa kuwafundisha kuitunza.

SAUTI INATOKA WAPI

Mbele ya shingo kuna kiungo cha gegedu kiitwacho zoloto, ambacho wengi hukiita kikoromeo. Kwa wanaume huonekana kimejitokeza. Ndani yake kuna mikunjo miwili ya nyama laini, iliyofunikwa na utando wenye unyevunyevu. Hizo ndizo nyuzi za sauti. Kwa mtu mzima urefu wake ni kati ya sentimita moja na mbili na nusu.

Unapopumua, nyuzi hizo huachana ili hewa ipite. Unapotaka kuzungumza au kuimba, hukaribiana, kisha hewa inayotoka mapafuni huzisukuma na kuzitetemesha. Mwanaume anapozungumza kawaida, nyuzi zake hutetemeka takriban mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Kwa mwanamke ni kama mara 200, na kwa mtoto ni zaidi ya hapo. Kadiri noti inavyopanda, ndivyo mitetemo inavyoongezeka. Mwimbaji akishikilia noti ya mitetemo 440 kwa sekunde 10 tu, nyuzi zake zimegongana mara 4,400.

Jaribu kupiga makofi kwa nguvu kwa dakika tano mfululizo. Viganja vitawaka na kuwa vyekundu, na ukiendelea kila siku vitaota sugu. Ndivyo inavyokuwa kwenye nyuzi za sauti za mtu anayezilazimisha. Kwanza huvimba, na sauti huwa nzito au hukwaruza. Akipumzika, uvimbe hupungua. Asipopumzika, sehemu zinazogongana zaidi huanza kuota vinundu vidogo pande zote mbili, mfano wa sugu. Vinundu hivyo si saratani, lakini huzuia nyuzi zisifunge vizuri. Hewa huvuja, sauti hukatikakatika, noti za juu hupotea, na mwimbaji hulazimika kusukuma zaidi. Kadiri anavyosukuma, ndivyo vinundu vinavyokomaa.

Freddie mwenyewe alisumbuliwa na vinundu hivyo. Mwaka 1975, bendi ikiwa katika ziara ya Marekani, baadhi ya maonyesho yalilazimika kufutwa kwa sababu ya koo lake.

USIIGE MKWARUZO WA MWENZIO

Mwaka 2016, watafiti wa Ulaya wakiongozwa na mtaalamu wa sauti Christian Herbst walichapisha uchambuzi wa sauti ya Freddie kwa kutumia rekodi zake. Walipochunguza mahojiano aliyofanya, waligundua kwamba sauti yake ya kuzungumza ilikuwa ya mitetemo kama 117 kwa sekunde, yaani karibu na sauti ya kati ya kiume, ingawa wengi humfahamu kwa kuimba juu. Waligundua pia kwamba mtikisiko wa sauti yake anaposhikilia noti ulikuwa wa kasi kuliko ilivyo kawaida kwa waimbaji.

Kuhusu ule mngurumo wake, watafiti walimwomba mwimbaji mwingine mzoefu wa roki auige huku kamera ya kasi ikipiga picha ndani ya koo. Walichoona ni kwamba mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ambayo kwa kawaida haitumiki katika kuzungumza, nayo ilikuwa inatetemeka.

Kwa mzazi wa kijana anayeimba, maana yake ni hii: sauti ya mkwaruzo inayosikika kwenye rekodi za roki haitengenezwi kwa kukaza shingo na kukamua koo. Waimbaji wanaoidumu kwa miaka wamejifunza kuitoa bila kuziumiza nyuzi zenyewe, na wengi hufanya hivyo wakiwa na mwalimu. Kijana anayeiga kwa kusikiliza simu hajui kinachoendelea ndani. Anaona tu kwamba akikaza, mlio unafanana.

Kuna kipimo rahisi nyumbani. Kuimba kwa njia sahihi hakuumi. Kama baada ya mazoezi koo linachoma, au kesho yake asubuhi sauti imekwaruza, njia aliyotumia haimfai, hata kama wimbo ulisikika vizuri.

NGUVU HUTOKA KWENYE PUMZI

Mwimbaji kiongozi wa roki haimbi amesimama kama mwanakwaya. Anakimbia, anaruka, anacheza, kisha anatakiwa kutoa mstari mrefu bila kukatisha. Kazi hiyo inahitaji moyo na mapafu yenye afya.

Mick Jagger wa Rolling Stones ni mfano unaojulikana. Baba yake alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na Jagger mwenyewe ameendelea na mazoezi hadi uzeeni. Aprili 2019, akiwa na umri wa miaka 75, alifanyiwa matibabu ya kubadilishiwa valvu ya moyo kwa kutumia mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa damu, bila kupasuliwa kifua. Juni mwaka huohuo alikuwa tena jukwaani jijini Chicago. Si kila mgonjwa wa moyo anaweza kurudi kazini haraka namna hiyo, lakini mwili uliozoea mazoezi hupona vizuri zaidi baada ya matibabu.

Pumzi ya mwimbaji hutoka chini. Weka mkono juu ya tumbo, usawa wa kitovu, kisha vuta hewa. Tumbo na mbavu za chini zikitanuka, unapumua kwa kutumia msuli mpana ulio chini ya mapafu. Mabega yakipanda na shingo ikikaza, unapumua juujuu, na koo ndilo litakalobeba mzigo wote. Mtoto mchanga akilala, tazama tumbo lake linavyopanda na kushuka. Ukubwani wengi huisahau pumzi hiyo.

Jambo jingine ni kujua kupumzika katikati ya kazi. Kwenye onyesho la Wembley, Freddie alitoa vipande vifupi vya sauti, umati ukamrudishia. Ni mtindo tunaoujua vizuri kutoka kwenye ngoma zetu: mmoja anatoa, wengine wanaitikia. Licha ya kuwasisimua watazamaji, mtindo huo humpa mwimbaji sekunde kadhaa za kuvuta hewa na kumeza mate wakati wengine wanaimba. Mwalimu anaweza kufanya vivyo hivyo darasani. Badala ya kuzungumza dakika 40 mfululizo, awape wanafunzi nafasi ya kusoma na kujibu, na apige makofi au kengele kuwanyamazisha badala ya kupaza sauti.

USIPOJISIKIA, UNAPIGA KELELE

Mwaka 1911, daktari wa Ufaransa aliyeitwa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya bila kujua. Mtu akiwa kwenye kelele, hupaza sauti yake yenyewe. Ndiyo maana mtu anayezungumza na simu kituo cha mabasi husikika hadi ng'ambo ya barabara.

Jukwaa la roki lina ngoma, gitaa za umeme na spika kubwa. Mwimbaji asipojisikia, atapiga kelele hadi koo liharibike. Kwa hiyo waimbaji wakubwa huwekewa spika ndogo zinazowaelekea, au vifaa vya masikioni vinavyowaletea sauti zao wenyewe. Bendi ya shule au ya mtaani isiyo na vifaa hivyo inaweza kupunguza sauti ya gitaa, kumsogeza mpiga ngoma mbali kidogo, na kumfundisha mwimbaji kuweka kipaza sauti karibu na mdomo. Hatua hizo hazigharimu chochote.

Masikio nayo yanahitaji ulinzi. Kelele ya desibeli 85 ikiendelea kwa saa nane huanza kuwa hatari kwa usikivu, na kila inapoongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, ikifika desibeli 100, kiwango cha kawaida kwenye maonyesho ya muziki, muda salama unabaki kama dakika 15. Mwaka 2016 Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, alilazimika kusimamisha ziara baada ya madaktari kumwonya kwamba akiendelea angeweza kupoteza kabisa usikivu wake.

Kijana akitoka kwenye mazoezi masikio yakivuma, hiyo ni dalili kwamba kelele ilizidi. Vizibo vya masikioni husaidia. Pamba ya kawaida haitoshi.

MAJERAHA YA KOO NI YA KWELI

Septemba 2023, Steven Tyler wa Aerosmith aliumia koo akiwa jukwaani. Baadaye ilielezwa kwamba, mbali na nyuzi za sauti, zoloto lenyewe lilikuwa limepata ufa. Agosti 2024 bendi hiyo, iliyoanza mwaka 1970, ilitangaza kwamba haitafanya tena ziara kwa sababu sauti yake haingeweza kurejea kikamilifu.

Jon Bon Jovi alifanyiwa upasuaji mwaka 2022 kwa sababu uzi mmoja wa sauti ulikuwa unasinyaa na haukutana vizuri na mwenzake. Mwimbaji Adele, ingawa si wa roki, alifanyiwa upasuaji mjini Boston mwaka 2011 baada ya nyuzi zake kuvuja damu na kuota kivimbe kisicho saratani. Alikaa kimya kwa muda kama alivyoagizwa, na Februari 2012 aliimba tena mbele ya umma. Lakini Julie Andrews, aliyejulikana dunia nzima kwa filamu za muziki, alifanyiwa upasuaji mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi.

Upasuaji husaidia wengi, na vifaa vya sasa ni bora kuliko vya zamani, lakini si suluhisho la kwanza wala hauna uhakika wa asilimia 100. Kwa vinundu, tiba ya kwanza ni kupumzisha sauti na kufanya mazoezi chini ya mtaalamu wa usemi na sauti, na wengi hupona bila kisu. Faida hiyo huipata anayewahi.

Mwimbaji, mhubiri au mshangiliaji mpira akisikia sauti imekatika ghafla katikati ya kupaza sauti, anyamaze hapo hapo. Huenda mshipa mdogo wa damu umepasuka kwenye uzi wa sauti. Akilazimisha kumaliza wimbo, anaweza kubaki na kovu la kudumu.

ASALI, TANGAWIZI NA SINDANO

Sauti ikikauka, kila mtu mtaani ana dawa. Asali na limau, tangawizi, karafuu, mayai mabichi, hata kinywaji kikali. Ni vyema kujua jambo moja: chakula na kinywaji hupita kwenye njia ya chakula, wakati nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa. Tangawizi unayokunywa haizigusi. Ingezigusa, ungepaliwa.

Vinywaji vya vuguvugu hupunguza muwasho wa koo la juu, na asali hutuliza kikohozi, kwa hiyo hakuna ubaya kuvitumia. Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na vimelea vinavyotoa sumu hatari ndani ya utumbo wake mchanga. Mayai mabichi yanaweza kuleta maambukizi ya tumbo. Pombe hukausha mwili na humfanya mwimbaji asihisi maumivu yanayomtaka aache.

Kinachozisaidia nyuzi za sauti ni maji unayokunywa siku nzima, ambayo hufika kwenye utando wake kupitia damu. Mkojo ukiwa na rangi hafifu, maji yanatosha. Kuvuta mvuke husaidia kulainisha koo, lakini sufuria ya maji yanayochemka imeunguza watoto wengi. Kwa mtoto, usimfunike blanketi juu ya maji ya moto.

Wapo wanaokimbilia sindano au vidonge vya steroidi ili sauti irudi kabla ya onyesho la jioni. Dawa hizo hupunguza uvimbe haraka, lakini hazitibu kilichousababisha. Mwimbaji hujisikia amepona, anapanda jukwaani na kuzidisha jeraha. Zitumike tu baada ya daktari kuziona nyuzi zenyewe. Antibayotiki nazo hazisaidii pale sauti inapokauka kwa sababu ya mafua ya virusi, na ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wengi. Anayetarajia kuimba sana asimeze ovyo aspirini au ibuprofeni, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Kama ameandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au ugonjwa mwingine, asiache bila kumuuliza.

Mgonjwa wa pumu anayetumia dawa ya kuvuta yenye steroidi anaweza kupata mkwaruzo wa sauti. Asisitishe dawa. Asukutue mdomo na koo kwa maji kila baada ya kuvuta, ateme, na amweleze daktari wake.

Kunong'ona nako si kupumzika. Kunong'ona kwa nguvu hukaza koo. Afadhali kunyamaza, au kuzungumza polepole kwa sauti ya chini ya kawaida.

WATOTO NA VIJANA

Vinundu ni miongoni mwa sababu za kawaida za mkwaruzo wa sauti kwa watoto, hasa wale wachangamfu wanaopiga kelele na kuiga milio ya magari na wanyama. Wengi hupata nafuu wakifundishwa kutumia sauti vizuri, na wanapokua. Hata hivyo, mtoto asihukumiwe kwamba "ndivyo sauti yake ilivyo" kabla ya kuchunguzwa. Kuna watoto wanaoota viotea kama vigwaru kwenye zoloto kutokana na kirusi cha HPV. Dalili ya kwanza huwa mkwaruzo wa sauti, na visipotibiwa vinaweza kuziba njia ya hewa.

Wavulana hubadilika sauti wakati wa balehe, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15. Zoloto hukua haraka, nyuzi hurefuka, na sauti huyumba huku na kule. Huo si ugonjwa. Ila si wakati wa kumlazimisha kijana kubaki kwenye noti alizokuwa akiimba mwaka jana. Mwalimu wa kwaya au kiongozi wa bendi amshushie wimbo.

Kuna vijana wenye sauti nzuri wanaotetemeka wakifikiria jukwaa. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na mikono kutoa jasho ni kazi ya homoni ya adrenalini, na hata wakongwe huzipata hali hizo. Mazoezi ya mara kwa mara mbele ya watu wachache, pumzi ya tumbo na usingizi wa kutosha husaidia. Usimpe mtoto dawa za kushusha mapigo ya moyo kwa ushauri wa marafiki. Kwa mwenye pumu zinaweza kumletea shambulio.

SABABU NYINGINE ZISIZOHUSU KELELE

Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, mwanzoni mwa mwaka 2015 alitangazwa kuwa na saratani kwenye shina la ulimi. Alitibiwa, na mwaka uliofuata alirudi jukwaani. Yeye mwenyewe amezungumza hadharani kwamba saratani yake ilihusishwa na HPV, kirusi kilekile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo yake ilianza kutolewa kitaifa kwa wasichana nchini Tanzania mwaka 2018 na nchini Kenya mwaka 2019. Mzazi ambaye binti yake amefikia umri wa kuchanjwa, aulize shuleni au kituo cha afya kilicho karibu.

Sigara ndiyo adui mkubwa zaidi wa zoloto, na ikichanganyika na pombe hatari ya saratani huongezeka sana. Shisha haina usalama wowote wa ziada kwa sababu ya kupita kwenye maji.

Kifua kikuu nacho kinaweza kushambulia zoloto. Mtu mwenye mkwaruzo wa sauti pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito apimwe makohozi mapema.

Sababu nyingine ni asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni usiku. Mtu huamka na sauti nzito, uchungu mdomoni na hamu ya kusafisha koo kila mara. Waimbaji hupata sana tatizo hili kwa kuwa hula baada ya onyesho. Chipsi mayai saa sita usiku, kisha kitandani. Kula angalau saa mbili hadi tatu kabla ya kulala hupunguza tatizo.

LINI UMWONE DAKTARI

Mkwaruzo wa mafua kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi mbili. Ukizidi wiki tatu, nenda ukachunguzwe na daktari wa masikio, pua na koo, hata kama hauna maumivu. Saratani ya zoloto mara nyingi huanza kwa mkwaruzo tu, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri.

Usisubiri wiki tatu ikiwa:

- Unavuta sigara na sauti imebadilika bila mafua.
- Unakohoa damu, au una uvimbe shingoni.
- Unameza kwa shida au kwa maumivu, au sikio moja linauma bila sababu.
- Sauti ilipotea ghafla ukiwa unaimba au kupiga kelele.
- Sauti imebadilika baada ya upasuaji wa shingo au kifua.

Kwa mtoto, nenda hospitali mara moja akipumua kwa mlio wa kukoroma au filimbi anapovuta hewa, mbavu zikizama, akitokwa na mate asiyoweza kumeza, au kama mkwaruzo umeanza baada ya kupaliwa na karanga, mbegu au kitu cha kuchezea. Mtoto mchanga mwenye kilio dhaifu au kinachokwaruza tangu kuzaliwa naye achunguzwe mapema.

Wengi huogopa uchunguzi kwa kudhani ni upasuaji. Daktari hutumia kioo kidogo au kamera nyembamba inayopitishwa puani hadi kooni. Huchukua dakika chache, huleta usumbufu kidogo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

SIKU YA ONYESHO

Kwa kijana mwenye onyesho jioni, ratiba hii inatosha. Alale vya kutosha usiku wa kuamkia siku hiyo. Anywe maji kuanzia asubuhi, maana maji ya dakika tano kabla ya kupanda jukwaani yamechelewa. Mchana asipige kelele wala kubishana mpira. Kabla ya kuimba, apashe sauti moto kwa dakika 10: aimbe kwa kufunga mdomo, atetemeshe midomo kama mtoto anayeiga mlio wa gari, au aimbe kwa upole kupitia mrija wa soda, akipanda na kushuka polepole. Nyimbo ngumu zisifuatane zote. Akimaliza, arudie mazoezi hayo mepesi kwa dakika chache, kisha azungumze kidogo tu usiku huo.

Akiamka na mkwaruzo, siku hiyo haimbi. Bendi itafute mwingine au iahirishe. Mzazi ndiye mwenye uwezo wa kusema hivyo pale ambapo kijana anaogopa kuwaangusha wenzake, na onyesho moja lililoahirishwa ni bei ndogo kulipia sauti atakayoihitaji maisha yake yote.